Kitabu cha adhabu na jina linalojirudia: nidhamu bila kiboko katika shule za Rungwe

Na Mwandishi Wetu

Mjadala kuhusu viboko shuleni huibuka kila tukio baya linapotokea, kisha hupoa. Wakazi wa Mkoa wa Mbeya wanaikumbuka Oktoba 2016, video iliposambaa ikiwaonesha walimu waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo wakimshambulia mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya. Serikali ilichukua hatua dhidi ya wahusika na kitendo hicho kikalaaniwa nchini kote. Lakini lawama hazikujibu swali lililo gumu zaidi: mwalimu aliyeweka fimbo chini afanye nini Ijumaa asubuhi, mbele ya mtoto aliyechelewa kwa mara ya tatu katika wiki?

Swali hilo lina uzito wa pekee wilayani Rungwe. Tukuyu na vijiji vinavyouzunguka Mlima Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na njia za kwenda shule hupanda na kushuka katika utelezi na ukungu. Kaya nyingi hutegemea chai, ndizi na viazi, kazi zinazohitaji mikono mingi, ya watoto ikiwamo. Aidha, utafiti wa kitaifa wa hali ya UKIMWI wa 2016/17 ulionesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima mkoani Mbeya yalikuwa asilimia 9.3, takribani mara mbili ya wastani wa taifa. Nyuma ya takwimu hiyo wapo watoto waliozika wazazi, waliouguza wakubwa wao, au wanaolelewa na bibi ambaye naye anahitaji kusaidiwa. Mtoto wa namna hiyo anaposinzia darasani, anapogombana au anapokataa kujibu, kosa linaloonekana ni moja. Chanzo chake kinaweza kuwa kingine kabisa.

Sheria yenyewe haijampa mwalimu uhuru wa kuchapa apendavyo. Kanuni za Elimu kuhusu adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinaruhusu adhabu hiyo kwa utovu mkubwa wa nidhamu tu au kwa makosa mazito yanayoishushia shule heshima. Viboko havizidi vinne. Anayeruhusiwa kuvitoa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike huadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo naye. Nayo Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu ya kikatili, na haikubali kumrudi mtoto kwa kiwango kisicholingana na umri wake na hali yake ya mwili na akili. Kwa kipimo hicho, kuchelewa kwa sababu ya mvua au kukosa daftari ni vigumu kuhesabiwa miongoni mwa makosa ya kiboko.

Kanuni hizo zina sharti jingine ambalo halizungumzwi sana. Kila adhabu ya viboko lazima iandikwe katika kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la mwalimu, kisha mkuu wa shule atie saini. Kwa kawaida kitabu hicho hutazamwa kama kinga ya mwalimu iwapo malalamiko yatatokea, lakini kinaweza kufanya kazi kubwa zaidi. Mkuu wa shule akikifungua mwishoni mwa muhula na kukuta jina lilelile mara nne au tano, kosa likiwa lilelile, ameshapata ushahidi kwamba fimbo haikumsaidia mtoto huyo. Kiboko cha sita hakitamweleza mwalimu kitu ambacho vitano vya kwanza havikumweleza. Jina linalojirudia linamtaka aache kuuliza, "Umefanya nini?" na kuanza kuuliza, "Umepatwa na nini?"

Huu ndio msingi wa malezi yanayotambua majeraha ya nafsi. Wataalamu wa saikolojia wanaeleza kwamba mtoto aliyeishi katika hofu kwa muda mrefu hubaki katika hali ya tahadhari. Sauti ya ukali humfanya apigane, akimbie au aduwae, na katika hali hiyo uwezo wa kusikiliza, kukumbuka na kupima matokeo ya matendo yake hupungua. Akichapwa, anachojifunza ni kumwogopa mwalimu na kuficha kosa. Hesabu aliyoshindwa inabaki pale pale.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulibaini kuwa karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa kuutenda. Njia mbadala nazo zimeshapimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam na wenzao wa Ujerumani waliwapa walimu wa sekondari za umma nchini mafunzo ya siku chache kuhusu stadi za kuhusiana na wanafunzi. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionesha kupungua kwa matumizi ya ukatili wa walimu hao. Nchini Uganda, utafiti katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, uliochapishwa 2015, ulilinganisha shule zilizopata programu ya kubadili utamaduni wa nidhamu na zile ambazo hazikuipata. Wanafunzi walioripoti kupigwa na watumishi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa asilimia 31 katika kundi la kwanza na asilimia 49 katika la pili.

Mbinu zenyewe hazihitaji fedha nyingi. Darasa hutunga kanuni zake mwanzoni mwa muhula, wanafunzi wakishiriki, na kanuni hizo hubandikwa ukutani. Mwalimu aliyekasirika husubiri atulie kabla ya kuamua. Mkosaji huitwa kando badala ya kuaibishwa mbele ya wenzake, husikilizwa, kisha hurekebisha alichoharibu: aliyevunja dawati hushiriki kulitengeneza, aliyemtukana mwenzake humwomba radhi. Kosa likijirudia, mzazi huitwa na mwalimu wa unasihi huhusishwa. Dalili za ukatili au utelekezwaji nyumbani zikionekana, suala hupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Simu ya Mtoto, namba 116, nayo ipo kwa ajili ya mtoto au mtu yeyote anayetaka kutoa taarifa.

Wapo wanaohofia kwamba bila fimbo darasa litavurugika, na hofu yao haipaswi kubezwa. Tangu elimu bila ada ianze kutekelezwa 2016, madarasa mengi yamejaa, na mwalimu mmoja mwenye wanafunzi wengi hana nafasi ya kuzungumza na kila mmoja. Ndiyo maana kitabu cha adhabu kina thamani: kinamwonesha wachache wa kuanza nao. Wapo pia wanaokumbusha kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli, ila kumkunja si kumvunja.

Wana Rungwe wanayo hazina yao katika jambo hili. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1951 jinsi vijana walivyokaa katika vijiji vya rika moja na kuthamini ukwangala, yaani raha ya kuwa pamoja na kuzungumza, kama njia ya kupata busara na adabu. Vijiji hivyo havipo tena, lakini wazo kwamba mtu hufunzwa kwa mazungumzo si geni hapa.

Kubadili kanuni ni suala la mamlaka za kitaifa. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwa shule ya Tukuyu, hata hivyo, kazi inaweza kuanza chini ya kanuni zilizopo. Katika kikao kijacho cha kamati ya shule, wazazi wanaweza kuuliza maswali matatu: je, kitabu cha adhabu kipo na kinajazwa? Ni majina mangapi yanajirudia? Na kwa kila jina linalojirudia, nani amekwenda kuonana na familia ya mtoto huyo?