Wasemaji wa Kiswahili wa Rusizi na hesabu ya wakazi wa Rwanda

Katika kivuko cha Rusizi I, kinachounganisha Cyangugu ya Rwanda na mji wa Bukavu nchini Kongo, bei ya nyanya, samaki au kitenge mara nyingi hukubaliwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, si rahisi kusema wasemaji wa lugha hiyo ni wangapi, na wanaishi wapi hasa.

Sensa ya Agosti 2022 iliihesabia Wilaya ya Rusizi wakazi 485,529. Katika wilaya saba za Mkoa wa Magharibi, ni Rubavu pekee inayoizidi, ikiwa na 546,683. Wilaya hizo mbili zinapakana na miji mikubwa ya Kongo: Rubavu na Goma, Rusizi na Bukavu. Lakini mpaka peke yake hauelezi kila kitu. Tangu 2012, wakazi wa Rubavu wameongezeka kwa takriban asilimia 35, ilhali wa Rusizi wameongezeka kwa asilimia 21, chini ya wastani wa taifa wa asilimia 26.

Takwimu hizo huonyesha wingi wa watu, si asili yao. Nchini Marekani, sensa humuuliza mkazi iwapo ana asili ya Amerika ya Kilatini. Ndiyo maana inajulikana kwamba katika kaunti za Ford na Seward, jimboni Kansas, watu wa asili hiyo ndio walio wengi, kwa kuvutwa na ajira za viwanda vya nyama. Rwanda haiulizi kabila, na sababu yake ni nzito: kabila lililoandikwa kwenye vitambulisho lilitumiwa kuwachagua wa kuuawa mwaka 1994.

Wengine hukisia kwa kutazama dini. Waislamu, ambao kihistoria wamehusishwa na Kiswahili nchini humo, ni karibu asilimia 2 ya Wanyarwanda. Kipimo hicho kinapotosha, kwani mchuuzi Mkristo wa Kamembe anayevuka kwenda Bukavu naye huihitaji lugha hiyo, na huijua.

Suala hili si la udadisi tu. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mpangaji asiyejua lugha inatumika wapi zaidi atagawa walimu, wakalimani na matangazo ya afya kwa kufuata idadi ya watu peke yake, na mpaka wenye mahitaji makubwa utapata sawa na wilaya isiyo na mahitaji hayo.

Njia ya kati ipo: kumuuliza mtu anazungumza lugha gani sokoni, shuleni na hospitalini, bila kumuuliza asili yake. Swali hilo halifufui majeraha ya zamani. Nalo lingewapa wasemaji wa Kiswahili wa Rusizi kile ambacho kutajwa katika sheria peke yake hakuwezi kuwapa: kuonekana katika mipango ya nchi yao.