"Ndiyo" ya Tarakilishi na "Ndiyo" Yetu

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na tunaipamba nayo insha kila muhula, lakini sijui ni wangapi kati yetu wanaoiamini. Mwalimu akifika mwisho wa kipindi na kuuliza, "Mmeelewa?" darasa zima hujibu kwa sauti moja, "Ndiyooo, mwalimu!" Akishatoka tu, utasikia dawati na dawati wakiulizana: "Wee, hiyo kitu umeshika kweli?" "Hata!"

Maoni yangu ni haya: katika kupashana maarifa, mpokeaji ana kazi kubwa kuliko tunavyodhani, na asipoifanya, juhudi za mtumaji ni bure. Ushahidi wangu nautoa mahali ambapo huenda hukutarajia, yaani kwa tarakilishi za zamani zilizokuwa zikitumiana faili kwa waya wa simu. Tafadhali usifunge ukurasa. Mambo haya si ya wataalamu peke yao.

Kabla ya intaneti kuenea, mtu mwenye tarakilishi aliyetaka kupata programu au makala kutoka kwa mwenzake wa mbali alipiga simu. Aliunganisha tarakilishi yake na simu kwa kifaa kiitwacho modemu, ambacho kazi yake ni kugeuza herufi kuwa milio na milio kuwa herufi. Upande wa pili kulikuwa na tarakilishi nyingine nyumbani kwa mtu au ofisini, nayo ilipokea simu hiyo na kumfungulia mgeni ubao wa matangazo. Hapo angesoma ujumbe wa wenzake, akaandika wake, akapakua faili azitakazo na kupakia zake. Ubao wa kwanza wa aina hii ulianzishwa mjini Chicago, Marekani, na marafiki wawili, Ward Christensen na Randy Suess. Wazo lilishika kasi theluji nzito ilipowafungia watu majumbani Januari 1978, na ubao ukafunguliwa tarehe 16 Februari mwaka huohuo. Laini ilikuwa moja, kwa hivyo aliingia mgeni mmoja kwa wakati. Wengine walingoja zamu, kama sisi kwenye mfereji asubuhi.

Sasa wacha nikwambie shida yenyewe. Waya wa simu ulitengenezwa kwa ajili ya sauti za watu. Ukiongea na shangazi yako na laini ikakwaruza, masikio yako hujaza pengo, nawe utajua alisema "njoo Jumamosi" hata kama ulisikia "njoo ...mosi". Tarakilishi haina uungwana huo. Mkwaruzo mmoja hugeuza herufi moja kuwa nyingine, na herufi moja ikikosewa, programu nzima inaweza kukataa kufanya kazi. Mtu nyumbani akiinua simu ya chumba kingine, basi mambo yote yalivurugika. Na mwendo wenyewe ulikuwa wa kinyonga. Modemu za mwanzo za biti 300 kwa sekunde zilipitisha kama herufi 30 kila sekunde. Hata zilipofika biti 2400, kutuma yaliyomo katika diski laini moja ya megabaiti 1.44 kulichukua saa moja na dakika arobaini hivi, na simu inalipiwa muda huo wote.

Dawa ya mkwaruzo alikuwa ameibuni Christensen huyohuyo mwaka 1977, mwaka mmoja kabla ya ubao wake. Dawa hiyo ni itifaki iliyokuja kuitwa XMODEM, na aliitoa bure ili yeyote aitumie. Hebu tuitazame, maana hapa ndipo penye somo.

Kwanza, mtumaji haanzi. Ananyamaza na kungoja mpaka mpokeaji apeleke ishara ya kusema, "Niko tayari, tuma." Asipoisikia hiyo, hatumi hata herufi moja. Pili, faili haitumwi yote kwa mkupuo. Hukatwa mafungu ya baiti 128, na kila fungu hupewa namba yake. Tatu, mwishoni mwa kila fungu mtumaji hutia jawabu la hesabu ndogo: hujumlisha thamani za baiti zote 128, akagawanya kwa 256, akachukua baki. Mpokeaji naye hufanya hesabu hiyohiyo upande wake, kwa alichopokea yeye mwenyewe. Majawabu yakilingana, hurudisha ishara namba 6, maana yake "nimepokea sawa, lete linalofuata". Yakitofautiana, hurudisha ishara namba 21, maana yake "hapana, rudia". Mtumaji hurudia fungu lilelile, wala halalamiki. Fungu likishindikana mara 10, ndipo safari huvunjwa.

Umeona, ndugu msomaji? Katika mazungumzo hayo yote, mpokeaji ndiye anayeanzisha, ndiye anayepima na ndiye anayeamua kama kazi imekwisha au bado. Na "ndiyo" yake haitoki mdomoni tu, hutoka baada ya hesabu. Sasa jaribu kuwaza mpokeaji mvivu anayejibu namba 6 kwa kila fungu bila kupiga hesabu yoyote. Faili itafika yote, haraka sana, na mtumaji ataondoka akiwa na furaha. Siku ya kuifungua ndipo utajua. Je, hiyo siyo "ndiyooo, mwalimu" yetu? Na siku yetu ya kufungua faili inaitwa mtihani wa KCSE.

Najua watakaonipinga. Wa kwanza atasema kuwa tarakilishi haina haya, lakini mwanafunzi anayo. Akiinua mkono na kusema, "Mwalimu, sijaelewa, tafadhali rudia," nyuma kule watacheka mpaka mezani. Ni kweli, na mimi sikatai. Lakini tuulizane, kosa ni la nani hapo? Anayesema "rudia" anafanya kazi ya mpokeaji. Mwalimu anayerudia anafanya kazi ya mtumaji. Wanaocheka ndio mkwaruzo wa laini. Wanaharibu fungu la mwenzao na pengine lao pia, kwa sababu wengi wa wanaocheka nao hawakuelewa. Kicheko ni njia yao ya kujificha.

Wa pili atasema kuwa muda hautoshi. Silabasi ni ndefu, na kila mtu akisimamisha kipindi kuuliza, tutamaliza lini? Hoja hii ina uzito. Hata XMODEM ilisumbuka nayo, kwa sababu mtumaji alisimama kungoja jibu baada ya kila fungu dogo, na laini ilikaa bure muda huo. Kwa hivyo mwaka 1986 Chuck Forsberg alitengeneza itifaki nyingine, ZMODEM. Katika hii mtumaji hutiririsha mafungu bila kusimama, na mpokeaji humkatiza pale tu anapoona kosa. Mwendo ukawa bora zaidi. Lakini tahadhari, wenzangu! Kimya cha mpokeaji wa ZMODEM si kimya chetu. Yeye alikuwa akikagua kila fungu, tena kwa hesabu kali kuliko ile ya kujumlisha, maana katika kujumlisha makosa mawili yanaweza kufutana, moja likiongeza na jingine likipunguza, jawabu likabaki sawa na faili ikaharibika. Kimya chake kilimaanisha "nimekagua, endelea." Chetu mara nyingi humaanisha "nangoja kengele." Anayekagua kila hatua anaweza kunyamaza kipindi kizima na akaokoa muda wa wote. Asiyekagua, hata akiitikia mara mia, anapoteza wake na wa mwalimu.

ZMODEM ilikuwa na jambo jingine ambalo kwangu ni muhimu kupita yote. Laini ikikatika katikati ya faili kubwa, zamani ulianza tena mwanzo, hata kama ulibakisha fungu moja. Kwa ZMODEM ulipiga simu tena, tarakilishi yako ikatazama imeshapata kiasi gani, kisha ikamtajia mtumaji mahali pa kuendelea. Kilichopokelewa hakikupotea.

Hapa nataka tuseme ukweli bila kuoneana haya. Wako wenzetu ambao laini yao hukatika kila muhula. Anafukuzwa karo Jumatatu, anarudi baada ya wiki 2 na kukuta darasa limeshamaliza vekta na limeingia mada nyingine. Mwingine ameuguliwa, mwingine amefiwa. Anaporudi tunamwambia, "Chukua daftari langu ukopi." Basi anakopi usiku kucha bwenini, kurasa 20, mkono unauma, na kichwani hakuna kilichoingia. Huko si kuendelea pale alipoachia. Huko ni kupokea mafungu bila kupiga hesabu hata moja. Kisha tukiona alama zake zimeshuka tunasema eti amekuwa mvivu. Dhuluma hiyo, wenzangu.

Tena kuna suala la kutoa. Kwenye mbao nyingi za wakati ule hukuruhusiwa kupakua tu siku zote. Mwenye ubao aliweka kipimo, kwamba ukitaka kuchukua faili kadhaa, nawe ulete yako. Lengo lilikuwa kuzuia kupe. Hata hivyo sheria hiyo ilikuwa na kasoro zake. Wajanja walileta takataka, au faili ileile kwa jina jipya, ili wapate ruhusa. Na mgeni asiye na kitu angeleta nini? Kwa hivyo mwenye ubao mzuri hakuhesabu faili tu. Alizikagua kabla ya kuzifungulia wengine, na wapo waliomhesabia mgeni hata ujumbe wa maana alioandika. Kutoa hakukosi njia: asiye na faili alikuwa na swali zuri, au jibu.

Usidhani haya yalikuwa ya Wamarekani peke yao. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alianzisha Fido, mtandao wa mbao zilizopigiana simu zenyewe usiku, wakati gharama ilikuwa nafuu, na kupokezana barua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtandao huo ulifika hapa kwetu. Shirika la Environment Liaison Centre International, Nairobi, liliendesha kituo cha Fido, na barua za mashirika ya huku zilivuka kwa simu hadi kituo cha GreenNet jijini London, kisha zikasambaa ulimwenguni. Waliotumia njia hiyo walijua thamani ya kila fungu, kwa sababu simu ya ng'ambo haikuwa mchezo.

Leo faili inaingia kwenye simu ya mkononi kufumba na kufumbua, na hesabu za kukagua hufanywa ndani kwa ndani bila sisi kuziona. Hilo ni jema. Hatari ni kuwa tumeanza kuamini kwamba kufika ni kuelewa. Mtu ana karatasi za marudio za miaka 10 ndani ya simu ya babake na hajafanya hata moja, lakini anatembea kifua mbele eti yuko tayari. Tarakilishi imekagua kwamba faili imefika salama. Nani amekagua kwamba imefika kichwani?

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila kipindi kikiisha, wanaoketi dawati moja waelezane kwa dakika 2, kila mmoja kwa maneno yake, jambo moja lililofundishwa. Maelezo yakitofautiana, hiyo ndiyo ishara namba 21, waulize. La pili, kila darasa liwe na daftari moja la kuandika tarehe na mada iliyofikiwa, na anayerudi kutoka nyumbani apewe mwenzake mmoja wa kuketi naye kuanzia palepale alipoachia, si wa kumrushia daftari. La tatu, anayechukua karatasi za marudio katika kabati la chama alete kitu: swali alilotunga, au jibu alilolitafuta. Msimamizi alikague kwanza, tusije tukajaza takataka.

Kwenu walimu wetu wapendwa, sisi wanafunzi tunajua mnachoka. Hatuwaombi mrudie mara 10. Tunaomba tu mwanafunzi akisema hajaelewa, ahesabiwe kuwa yuko kazini.

Na kwako mwenzangu, kesho mwalimu atauliza tena, "Mmeelewa?" Piga hesabu kwanza, ndipo ujibu.