Jina Tunalompa Mwenzetu



Mtume Paulo, katika waraka wa pili kwa Wathesalonike, anawaonya wasifadhaishwe na barua inayodaiwa kutoka kwake. Kisha mwishoni anaandika salamu kwa mkono wake mwenyewe, iwe alama. Kujifanya mtu mwingine, basi, si uovu uliozaliwa na intaneti.

Leo iko mitandao ya kijamii isiyo na mmiliki mmoja. Katika Mastodon, iliyoanza 2016, jina lile lile laweza kusajiliwa kwenye seva nyingi. Katika Nostr kila mtu hutambulika kwa ufunguo wa herufi na tarakimu 64, lakini jina na picha hujichagulia apendavyo. Hakuna ofisi kuu ya kupelekewa malalamiko. Mtu akijiita askofu wetu na kuomba michango, nani atamzuia?

Twaona dawa bora ni ile ya orodha ya majina katika simu: sisi wenyewe tuupe ufunguo wa mwenzetu jina letu, kama "Katekista wa kigango" au "Mama Neema wa jumuiya". Tapeli aweza kuiga picha na jina la hadharani. Hili hawezi kulivaa, maana limefungwa kwenye ufunguo asionao. (Hata Simoni hakujiita Petro, aliitwa.) Kanuni za Nostr zinaruhusu jina la namna hiyo, ila si kila programu hulionyesha, na huo twauona uzembe.

Ugumu uko siku ya kwanza: kujua ufunguo ni wa nani. Hapo hatuoni njia ipitayo kukutana baada ya Misa, tukaulinganisha simu kwa simu.