Msimtwike mtoto mzigo wa babu yake

Mwaka juzi nilimsindikiza binamu yangu kwenye mkesha wa maombi. Alikwenda na mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 9 na ana selimundu. Mlangoni tulipewa karatasi yenye safu nne: ya kwanza dhambi za baba na mama, ya pili za babu na bibi, na kuendelea kupanda hadi kizazi cha nne. Tulitakiwa kujaza kila tunachokijua. Nani alitambikia mizimu? Nani aliua? Nani aliapiza? Nani alikwenda kwa mganga? Karatasi hizo zingeombewa, zichomwe moto, na maagano ya ukoo yavunjwe. Kila karatasi ilikuwa na bahasha yake ya sadaka. Binamu yangu akaketi, akaanza kuandika. Mtoto akamtazama, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, babu alifanya nini mpaka mimi mifupa iniume?"

Hakuna aliyemjibu. Nami sikumjibu, na jambo hilo halijanitoka moyoni. Ninayoyaandika hapa ni jibu lake lililochelewa.

Babu yako hakukuuguza, mwanangu. Na hata kama alitenda mabaya yote ya dunia, mabaya hayo ni yake.

Imani kwamba mtoto hulipia dhambi za wazazi wake imetuenea kiasi kwamba hatuioni tena. Binti akichelewa kuolewa, ukoo una laana. Kijana akifeli, kuna madhabahu huko kijijini haijabomolewa. Mtoto akizaliwa na ulemavu, majirani humtazama mama na kunong'ona. Na aliyezaliwa nje ya ndoa hatuhitaji hata kumnong'onea, tumemwekea jina kabisa. Kwa Kiswahili tuna msemo wa kufungia mjadala: mtoto wa nyoka ni nyoka. Nasema msemo huo ni wa uongo, na vitabu tunavyoapia wote tukiwa tumevishika mkononi vinaukana.

Tuanze na aya inayopigiwa kelele kila mkesha, Kutoka sura ya 20, aya ya 5, yenye lile neno zito la Biblia yetu ya zamani, "kupatiliza", yaani kuwaadhibu wana kwa maovu ya baba zao. Mhubiri huisoma mpaka kwenye kizazi cha tatu na cha nne, kisha hufunga kitabu. Haendelei hata aya moja mbele, ambako rehema zinahesabiwa kwa maelfu. Ukipewa hesabu yenye nne upande mmoja na maelfu upande wa pili, unahitaji ujasiri wa pekee kusimama madhabahuni na kuhubiri nne peke yake. Tena aya yenyewe inawataja wanaomchukia Mungu. Yule mtoto wa miaka 9 alikuwa amevaa shati lake la Jumapili, amekuja kuomba.

Sheria ya Musa yenyewe ilikataza baba kuuawa kwa kosa la mwana, au mwana kwa kosa la baba. Iko Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Na haikubaki maandishi. Mfalme Amazia wa Yuda alipowaadhibu watumishi waliomuua baba yake, aliwaacha watoto wao hai kwa sababu ya sheria hiyo. Mfalme wa zama za upanga, mwenye uchungu wa baba aliyeuawa, aliweza kumtenga mtoto na kosa la mzazi. Sisi wenye simu mkononi na shahada ukutani tunashindwa.

Kisha akaja Ezekieli. Watu wake walikuwa uhamishoni Babeli, mbali na mji wao na hekalu, na mdomoni walikuwa na methali yao kuhusu wazee waliokula zabibu mbichi na watoto waliotiwa ganzi ya meno. Ilikuwa "mtoto wa nyoka" ya wakati wao, na ilikuwa na ladha ya faraja: tunateseka, lakini kosa si letu. Nabii aliambiwa awakomeshe wasiitumie tena, na sura nzima ya 18 ni hoja ya kisheria iliyopangwa kama ya wakili. Anamleta baba mwema mwenye mwana mwovu, halafu huyo mwovu naye anazaa mwana mwema, na kila mmoja anasimama na hesabu yake. Yeremia, katika sura ya 31, anaikataa methali hiyo hiyo. Manabii wawili, zama moja, kauli moja. Sijapata kusikia mhubiri wa laana za ukoo akiisoma Ezekieli 18 mwanzo hadi mwisho mbele ya waumini wake, na siamini kwamba ni kwa kusahau.

Najua nitatajiwa Akani, aliyepigwa mawe pamoja na watoto wake. Nitatajiwa pia ile amri inayomzuia mwanaharamu kuingia katika mkutano wa Bwana hadi kizazi cha kumi. Zimo, sizifichi. Lakini chukua kidole uhesabu mwisho wa kitabu cha Ruthu. Anza na Peresi, mtoto ambaye Tamari alimzaa na baba mkwe wake Yuda. Endelea jina kwa jina, umpite Boazi aliyemwoa Ruthu, mwanamke wa Moabu, taifa nalo lililozuiwa kwa amri hiyo hiyo ya vizazi kumi. Jina la kumi ni Daudi. Na Mathayo, alipoandika ukoo wa Yesu, hakuwaruka Tamari na Ruthu, ingawa angeweza kuandika majina ya wanaume peke yake kama ilivyokuwa desturi. Kama kuna laana inayotiririka katika damu, hapo ndipo ilipaswa kuonekana.

Na Yesu aliulizwa swali la yule mtoto, karibu neno kwa neno. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Aliwakatalia yote mawili, kisha akamponya. Hakuomba orodha ya mababu.

Wenzetu Waislamu wamepewa jambo hili waziwazi zaidi. Kauli kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine imo katika Qurani mara 5: katika sura za Al-An'am, Al-Isra, Fatir, Az-Zumar na An-Najm. Uislamu hauna dhambi ya asili. Adamu alitubu akasamehewa, hesabu ikafungwa. Baba wa Nabii Ibrahim alikuwa mwabudu masanamu, na mwana wa Nabii Nuhu alizama pamoja na waliokufuru. Wema haukushuka kwa damu, na uovu haukushuka kwa damu.

Imekuwaje basi, Pwani hii ya madrasa na misikiti ya karne nyingi, tusi kali la mtaani liwe "mwanaharamu"? Litazameni neno lenyewe. Haramu ilikuwa tendo la watu wazima wawili, waliojua walichokifanya. Tumelitoa neno kwa waliotenda, tukalibandika kwa asiyekuwapo. Baba anaendelea kuitwa mzee fulani, anakaa safu ya mbele kwenye maulidi, na mtoto ndiye anayetembea na haramu yake. Katika Sahihi Muslim imo habari ya mwanamke wa Ghamid aliyemjia Mtume kukiri zinaa akiwa mjamzito. Alirudishwa nyumbani mpaka ajifungue. Alipojifungua akarudishwa tena mpaka amwachishe mtoto ziwa. Adhabu nzito kuliko zote ilisimamishwa ili mtoto asiguswe, na mtoto akakabidhiwa kwa mtu wa kumlea. Anayemtukana mtoto wa nje ya ndoa kwa jina la dini na aisome habari hiyo, kisha aseme anamfuata nani. Wanazuoni wana mijadala yao ya nasaba na mirathi, na ina mahali pake. Dharau haina mahali.

Wakristo tusijione salama. Kuna parokia ambako mtoto anacheleweshewa ubatizo kwa sababu wazazi wake hawajafunga ndoa, au mama hajamaliza michango ya jumuiya. Kanisa Katoliki halina sheria inayomnyima mtoto huyo ubatizo. Linachodai ni tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani. Januari 2014 Papa Francis alimbatiza mtoto ambaye wazazi wake hawakuwa wamefunga ndoa kanisani, tena ndani ya Kanisa dogo la Sistine. Kama Roma iliweza, katekista wa kigangoni anamzuia mtoto kwa idhini ya nani?

Sasa nirudi kwenye selimundu, maana hapo uongo huu unaua. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na ugonjwa huu. Ni kweli mtoto huupata kwa wazazi. Baba na mama wakiwa kila mmoja amebeba kinasaba kimoja, kila mimba ina uwezekano wa robo kwamba mtoto atapokea viwili na kuugua. Ndiyo maana unaandama nyumba fulani, na ndiyo maana mhubiri anapata pa kushikia: huoni mnavyozika watoto katika ukoo huu?

Lakini kinasaba hicho kilitoka wapi? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alizunguka nchi hiyo akipima damu za watu. Aliona kwamba wabebaji ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu penye baridi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: aliyebeba kinasaba kimoja ana kinga dhidi ya malaria kali. Wazee wetu wa mabondeni waliishi kwa sababu hiyo, katika karne ambazo hapakuwa na dawa wala chandarua. Kile kinachoandikwa kwenye karatasi ya mkesha kuwa laana ya babu ndicho kilichomwezesha babu kuvuka utoto wake na kuwa babu. Binamu yangu alikuwa anamshitaki mzee wake kwa ngao yake.

Na wakati anaandika, mtoto alikuwa amekosa kliniki mara mbili, kwa sababu nauli na fedha ya vipimo vilikuwa vimeingia kwenye bahasha. Haya nayasema kwa hasira na siombi radhi. Mtoto mwenye selimundu anahitaji chanjo, asidi ya foliki, maji ya kutosha, kinga ya malaria, na haidroksiurea pale daktari anapoona inafaa. Anahitaji pia kukimbizwa hospitali homa inapopanda. Muda unaopotea kumtafuta babu mwenye kosa ni muda wa uhai wake.

Nitaambiwa kwamba mafundisho haya ni ya kale. Si ya kale hivyo. Ni kweli wazee wetu waliogopa kiapo na laana ya mzazi. Lakini hii ibada ya kuchora mti wa ukoo na kuutakasa ilipata umaarufu kupitia kitabu cha Kenneth McAll, daktari wa akili wa Uingereza, mwaka 1982. Derek Prince, mhubiri Mwingereza aliyewahi kuongoza chuo cha ualimu magharibi mwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950, alieneza fundisho la laana za familia katika kitabu chake cha mwaka 1990. Mwaka 2015 maaskofu Wakatoliki wa Poland walipiga marufuku misa na maombi ya kuponya dhambi za vizazi. Hapa kwetu mabango yanaongezeka kila barabara.

Hoja moja ya wapinzani wangu naiheshimu. Watasema: mbona tunaona watoto wakiteseka kwa makosa ya wazazi? Baba aliuza shamba akalinywa, watoto wakalala njaa. Aliyepigwa utotoni anampiga mkewe. Ni kweli, na huo ndio mchanganyiko unaotupoteza. Matokeo ya kosa hushuka kwa mtoto kama mafuriko yanavyoshuka bondeni. Hatia haishuki. Mtu wa bondeni aliyefurikiwa hatumwendei kumuuliza ametenda dhambi gani, tunampelekea mtumbwi. Mtoto wa mlevi anahitaji ada ya shule na mtu mzima mmoja wa kumsimamia. Kumwambia kwamba ulevi unamngoja ndani ya damu yake ni kumtabiria, na utabiri huo hutimia mara nyingi kwa kuaminiwa tu.

Na anayedhani haya ni maneno ya kanisani tu, aitazame Rwanda. Kabla ya 1994 na katika miezi ile ya mauaji ya kimbari, Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende, na inzoka, yaani nyoka. Waliohamasisha mauaji walikuwa na hoja maalumu kuhusu watoto: kwamba kosa la mwaka 1959, Watutsi walipofukuzwa, lilikuwa kuwaacha watoto hai, wakakulia uhamishoni, wakarudi na bunduki. Kwa hoja hiyo, mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni alikuwa na hatia ya wafalme waliokufa kabla mama yake hajazaliwa. Msemo wetu wa vijiweni, ukiachwa utembee mpaka mwisho wake, unafika hapo. Baadaye nchi hiyo hiyo iliposikiliza mashauri karibu milioni 2 katika mahakama za kijamii za gacaca, hadi mahakama hizo zilipofungwa mwaka 2012, haikumfunga mtoto kwa mauaji aliyoyafanya baba yake.

Mzazi mwenzangu, najua mkesha unavutia. Unapomwangalia mwanao akilia usiku na huna la kufanya, karatasi na kalamu ni kitu cha kushika. Sikulaumu kwa kutafuta. Lakini siku ukipewa karatasi ile yenye safu nne, irudishe ikiwa tupu. Mshike mwanao mkono mwende nyumbani mkalale, na asubuhi muwahi foleni ya kliniki.