Vimada hawakuifilisi Uingereza

Kila inaposimuliwa habari ya mfalme aliyetapanya mali ya nchi, hukumu huwa ileile: aliponzwa na wanawake. Charles II wa Uingereza, aliyerudishwa kwenye kiti cha enzi mwaka 1660, hutajwa mara nyingi. Tunaambiwa kwamba vimada wake Barbara Villiers, Louise de Kérouaille na Nell Gwyn waliila hazina ikabaki tupu. Huo ni uonevu, na umewasitiri wakosaji halisi kwa zaidi ya miaka 300.

Tuanze na hazina. Januari 1672 serikali ya Charles ilisitisha malipo kwa matajiri wa London waliokuwa wameikopesha, na baadhi yao wakafilisika. Fedha zilitakiwa kwa vita dhidi ya Uholanzi, vita ambavyo mfalme alikuwa ameafikiana kwa siri na Louis XIV wa Ufaransa mwaka 1670. Sikatai kwamba vimada walipewa mali nyingi. Lakini hakuna kimada aliyeshika muhuri wa dola. Ardhi, vyeo na posho vyote vilitolewa kwa amri ya mfalme, na mawaziri wake wakatekeleza.

Sasa tuifuate mali ilikokwenda. Mtoto wa Louise, Charles Lennox, alifanywa Duke wa Richmond akiwa na umri wa miaka 3. Akapewa pia ushuru wa shilingi moja kwa kila kipimo cha makaa ya mawe yaliyosafirishwa kutoka Newcastle, kwa hiyo hata maskini wa London aliyewasha moto wakati wa baridi alimchangia. Ushuru huo ulirithiwa kwa zaidi ya miaka 100, na serikali ilipouchukua mwaka 1799 ilikubali kuulipa ukoo huo paundi 19,000 kila mwaka.

Mtoto wa Barbara, Henry FitzRoy, aliozwa akiwa na miaka 8 kwa binti wa Lord Arlington, waziri wa mfalme. Kwa ndoa hiyo ukoo wake, wa Grafton, ukapata shamba la Euston, Suffolk, na unalo mpaka leo. Mama je? Barbara alipewa kasri la Nonsuch, akalibomoa na kuuza vifaa vyake ili alipe madeni. Nell Gwyn, mfalme alipofariki mwaka 1685, alibaki akiandamwa na wadai, ilhali mwanawe alikwisha kuwa Duke wa St Albans.

Mfano mwingine ni ukoo wa Churchill, uliodhoofishwa na faini kwa kuunga mkono ufalme katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Arabella Churchill akawa kimada wa James, ndugu wa Charles, na kaka yake John akapata nafasi ya utumishi kwa James. John alikuwa jemadari hodari. Ushindi katika vita vya Blenheim mwaka 1704 ni wake kwa haki. Lakini mlango wa kasri ulifunguliwa na dada, na kaka ndiye aliyejengewa sanamu.

Basi tuache kuwatwika wanawake deni la wanaume. Mali ya umma inapopotea, tuulize nani aliyetia saini, na nani wanaoirithi. Majibu ya maswali hayo mawili yamo kwenye hati. Anayekimbilia chumba cha kulala kabla ya kuzisoma anawalinda wezi.