Mnyooshee mkono kabla hajazama



Katika Injili ya Dominika hii (Mt 14:22-33) Petro anaanza kuzama, na Yesu anamnyooshea mkono mara moja. Kila ninapoisoma namkumbuka binti wa miaka 13 niliyemzika nikiwa padre kijana, katika kigango kimoja kando ya Ziwa Nyasa. Alikwenda kuchota maji, akateleza. Alikulia hatua chache kutoka ziwani, lakini hakujua kuogelea. Kaka zake wote walijua. "Padre, yeye ni msichana," baba yake aliniambia huku akilia.

Nimemkumbuka tena niliposoma habari za Ashleigh Johnson wa Marekani, ambaye wazazi wake walitoka Jamaika. Mama yake, muuguzi, aliwapeleka watoto wakafundishwe kuogelea kwa sababu nyumbani palikuwa na bwawa, akahofia wasizame. Hakuwa anatafuta medali. Lakini binti akawa kipa wa polo ya majini, mchezo wa mpira wa kurusha kwa mkono, ambao wachezaji huelea bila kukanyaga chini. Mwaka 2016 kule Rio akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuichezea Marekani mchezo huo katika Olimpiki, akarudi na dhahabu. Akapata nyingine Tokyo mwaka 2021. Paris 2024 walikosa shaba kwa bao moja, 11-10, mbele ya Uholanzi.

Hata mabinti wetu wanaweza. Magdalena Moshi aliiogelea Tanzania London 2012 na Rio 2016, na Sophia Latiff Paris 2024.

Si lazima binti wa Matema, au yule anayefua kando ya Ruaha Mdogo pale Iringa, afike Olimpiki. Inatosha arudi nyumbani jioni.

Mtasema maji yetu yana mamba na mikondo. Ni kweli. Ndiyo maana afundishwe mahali salama, na mtu mzima anayejua, akiwa na vazi la heshima. Jumuiya na WAWATA mnaweza kulipanga hilo wakati wa likizo.

Petro alikuwa mvuvi, aliyazoea maji, na bado alihitaji mkono. Je, yule ambaye hakufundishwa kamwe? Tunaposali, "Bwana, mlinde binti yetu", tujiulize kama mkono anaotaka kuutumia si huu wetu.

Dominika njema.