Kasi ya Filamu Ichaguliwe Kivulini

Kamera za filamu zimeanza kurudi mikononi mwa vijana. Si ajabu siku hizi kumwona mwanafunzi wa sekondari hapa Uyole ameshika kamera aliyoikuta sandukuni mwa babu yake, naye ana swali moja tu: anunue filamu ya kasi gani? Jibu apewalo aghalabu ni lile lile la karatasi za maelekezo za tangu zamani, kwamba penye jua kali itumike filamu ya 100 na penye mawingu ile ya 400. Maadam nchi yetu ina jua tele, basi hununua ya 100. Nashikilia kwamba kwa mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini ushauri huo haufai, na kasoro yake huonekana katika nyuso za watu anaowapiga picha.

Yafaa kwanza ieleweke nambari hiyo ni ya kitu gani. Filamu ni utando wa jelatini uliojaa chembe ndogo mno za chumvi ya fedha. Nasema fedha ile ya pete na bangili, si ile ya mfukoni, ingawa kwa bei za leo tofauti si kubwa. Mwanga ukiigonga chembe, hujikusanya humo atomi chache za fedha halisi, na dawa ya kusafishia huikamilisha kazi hiyo hadi chembe nzima ikawa nyeusi. Chembe kubwa hunasa mwanga mwingi kuliko ndogo. Ndiyo sababu filamu ya kasi kubwa huhitaji mwanga kidogo, na ndiyo sababu pia picha zake huwa na chenga. Filamu ya 400 hutosheka na robo ya mwanga unaohitajiwa na ile ya 100. Wapiga picha huhesabu mambo haya kwa hatua, na kila hatua ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu. Kwa hiyo baina ya 100 na 400 pana hatua mbili.

Lakini nambari yenyewe hupimwaje? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kwa filamu nyeusi na nyeupe, maabara hutafuta mwanga mdogo kabisa uwezao kuacha alama inayotambulika juu ya utando, na kasi huhesabiwa kutokana na mwanga huo. Kasi ya filamu, kwa maneno mengine, ni kipimo cha giza. Rangi ya kijivu ya wastani, ambayo kipimamwanga cha kamera huilenga, iko juu ya alama hiyo kwa takriban mara kumi, yaani hatua tatu na kitu. Kilicho chini ya hapo hakiandikiki kwenye filamu, wala hakuna dawa iwezayo kukirudisha.

Sasa na tutazame uso wa mtu aliyesimama uwanjani saa sita mchana. Uyole iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi. Huko Ulaya nilikosomea shahada ya uzamivu, jua la majira ya baridi hutambaa karibu na upeo wa macho na kummulika mtu usoni. Letu humulika nywele na mabega, na macho hubaki chini ya kivuli cha paji. Tena siku za kiangazi, hewa inapokuwa safi na kavu, mbingu ya samawati iliyokolea hurudisha mwanga mchache vivulini kuliko mbingu nyeupe yenye unyevu ya pwani. Macho yakiwa kivulini hupungukiwa hatua mbili au zaidi. Ongeza kwamba ngozi nyeusi sana huakisi nusu ya ile kijivu ya wastani, au pungufu ya nusu, nasi tumefika hatua tatu, ukingoni kabisa mwa shimo. Matokeo yake tunayajua sote: picha ya darasa yenye mashati meupe yanayometa, na juu ya kila shati duara jeusi lisilo na macho.

Waliotunga desturi za upigaji picha hawakutazama nyuso kama zetu. Kwa miaka mingi kadi ambazo Kodak ilizigawa kwa wasafishaji ili kulinganisha rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na ziliitwa kwa jina la Shirley.

Mtu atasema: si mpigaji afungue tundu la lenzi tu? Juani, sawa. Kwa filamu ya 100, badala ya f/16 kwa sekunde 1/125, atumie f/8, na macho yataonekana. Lakini akiingia barazani, au asubuhi ya ukungu wa masika, huanza tayari kwenye f/5.6, akiongeza hatua mbili kwa ajili ya uso, anatakiwa f/2.8, na lenzi nyingi za kamera za kurithi hazifunguki kiasi hicho. Itambidi apunguze mwendo, na mkono utatikisika. Ndani ya darasa ndiyo kabisa.

Mfano mzuri ni ule wa tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki kama pete mbele ya watu waliokusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, upande wa njia yetu ya kwenda Iringa. Mwezi ulifunika takriban asilimia 95 ya uso wa jua. Mwanga uliobaki ulikuwa sehemu moja ya ishirini, yaani pungufu ya hatua nne na kitu, na hali ilikuwa karibu na saa sita mchana! Jicho hujirekebisha, kwa hiyo mtazamaji aliona utusitusi tu. Filamu haijirekebishi. Kwa filamu ya 100, kuupiga picha umati ule kulitaka f/4 kwa 1/100 kabla hata ya kuongeza chochote kwa ajili ya nyuso. Kwa 400 ilitosha f/8. (Jua lenyewe ni jambo jingine: halitazamwi wala halipigwi picha bila kichujio maalumu.)

Chenga za 400 zisimtishe mtu. Katika picha ya sentimita 10 kwa 15 hazisumbui. Filamu ya 100 ina mahali pake: madoa ya ugonjwa kwenye jani la kiazi, au ua la Kitulo, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu na hakuna upepo. Hiyo si kazi ya anayeanza.

Mwalimu mwenye klabu ya picha anunue filamu nyeusi na nyeupe ya 400, na klabu itumie hiyo hiyo mwaka mzima, ili picha mbili zikitofautiana wanafunzi wajue sababu ni mwanga au mkono, si filamu. Kipimo cha kamera kiwekwe kwenye 200. Filamu ya negativu huvumilia mwanga wa ziada kuliko upungufu. Zile za 3200 aziache dukani, kwa kuwa joto la safari ndefu ya basi na mashine za eksirei za viwanja vya ndege huziharibu upesi zaidi. Mikanda ikifika, ikae kwenye jokofu ndani ya kikopo chake, na itolewe saa chache kabla ya kutumiwa ili isitoe umande.